Magunia Matatu ya Bondeni

Mwezi uliopita gari dogo jeupe lilisimama mbele ya ghala langu hapa Lushoto, akashuka mama mmoja mwenye miwani, amejitanda mtandio wa kijani, akainua uso kwenye bango lenye jina langu. Alilisoma lote, mpaka namba za simu, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Mimi nilikuwa ndani nakunywa chai na wapakiaji. Sikungoja aseme jina lake. Nilisimama kwa haraka, chai ikamwagikia suruali. "Shikamoo dada Zuhura," nikasema, na wapakiaji wakatazamana, maana pale ghalani mimi ndiye ninayeamkiwa. "Marahaba, Athumani," akajibu. "Umenenepa. Alhamdulillahi." Nikamfutia vumbi kiti changu mwenyewe, kile cha nyuma ya meza ambacho hata bwana afya akija hakikalii, nikamkalisha hapo.

Mimi sina makuu ya kusoma. Niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza. Lakini malori mawili mnayoyaona yakishusha viazi Mombo ni yangu, ghala ni langu, na nyumbani kwangu ukifungua bomba bafuni yanatoka maji ya moto. Vyote nimevitafuta kwa mikono hii. Sijawahi kuwa na mjomba ofisini wala shemeji bandarini, na nalisema hilo harusini na misibani bila aibu, kwa sababu ni kweli. Haya naandika kwa kalamu, binti yangu anayapiga kwenye kompyuta, na nimemkataza kunirekebisha. Huku kwetu watu wananiita Pua. Wanasema nanusa mvua kabla haijafika. Kuna wakulima Malindi, hii ya kwetu milimani, si ile ya pwani, ambao hawatoi mbegu ndani mpaka wapige simu kuuliza Pua anasemaje. Jina hilo nimelivaa karibu miaka ishirini na limenilisha vizuri. Sasa nataka kueleza lilianzaje, kwa sababu mwenyewe amekuja, amekaa kwenye kiti changu, na nikiendelea kunyamaza nitakuwa mwizi.

Mwaka ninaousema ulianza kwa ukame. Wengi wataukumbuka kwa mgawo wa umeme, mabwawa yalipokauka na nchi nzima ikalala giza, na mashine za kusaga zikawa zinalia mchana huu na kunyamaza ule. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa nanunua mboga Malindi alfajiri, nazileta Lushoto kwa pikipiki ya mtu, nauza nyumba kwa nyumba kwa watumishi wa serikali. Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bwana misitu, Bwana Kombo, kule juu penye mikaratusi. Ilikuwa nyumba ya zamani sana, kuta nene, meko ya kuotea moto sebuleni, na bafuni hodhi la chuma la kuogea, refu kama jeneza, limesimama kwa miguu minne kama miguu ya simba. Mke wake ndiye dada Zuhura, mtu wa Pangani, na alikuwa anasomea bahari. Ndiyo, bahari. Mumewe alihamishiwa milimani, naye akamfuata na maboksi yake ya karatasi, akawa anaandika habari za bahari ya Hindi huku amevaa sweta mbili na soksi, miguu kaielekeza kwenye meko. Mimi nilimwona ni mtu wa ajabu. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akaniambia, "Ukiwa ndani ya nyumba huwezi kuona paa lake, mdogo wangu. Kaa, ule."

Na kula, nilikula. Sisi tumezoea makande, ugali na mnavu, na hatulalamiki. Lakini mezani kwake nilikutana na samaki wa kupaka, papa mkavu aliyeagizwa Tanga, na chapati za kusukuma zenye matabaka unayoweza kuyahesabu. Siku moja aliweka chapati saba kwenye sahani, moja juu ya nyingine, mimi nimeshanawa mikono, akanizuia. "Subiri kwanza. Hii ndiyo bahari. Hii ya juu ndiyo inapigwa na upepo." Akaweka kiganja juu ya chapati ya juu, akaisukuma. Ikasogea, ikaivuta kidogo ya pili, ya pili ikaivuta ya tatu kidogo zaidi ya hapo, na ya chini kabisa haikuwa na habari. "Upepo haufiki chini," akasema. "Kila tabaka linaburutwa na lililo juu yake. Lakini dunia inazunguka, kwa hiyo kila moja likiburutwa linapinda kidogo. Huku kwetu kusini ya mstari wa katikati linapinda kushoto." Akazigeuza kwa vidole, hii kidogo, inayofuata zaidi, mpaka rundo zima likawa kama ngazi ya kuzunguka. "Ukijumlisha yote, maji hayajaenda unakoelekea upepo. Yamekwenda ubavuni kwake." Nikamuuliza, na pale katikati kabisa ya dunia? Akanitazama kama mtu aliyeokota hela njiani. "Pale hayapindi," akasema. "Pale yanakwenda moja kwa moja na upepo. Swali hilo, Athumani, kuna watu wenye digrii hawaliulizi." Nililila lile neno pamoja na chapati, na mpaka leo halijaniisha tumboni.

Ilipofika mwezi wa nane ukame ulikuwa umetubana, na mimi nilikuwa na jambo langu kubwa. Kwa misimu miwili nilikuwa nateua viazi vya mbegu, kimoja kimoja, vyenye macho mazuri, naviweka kwenye giza mpaka vichipue. Nilikuwa na magunia kumi na mawili. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu. Yakiota, nakuwa mkulima na mfanyabiashara. Yakifa, nabaki mtu wa kubeba sukuma wiki mlangoni mwa watu. Nilikuwa nimekodi mashamba mawili Malindi, moja bondeni kando ya mto, moja kwenye mteremko juu yake. Na desturi yetu mnaijua: mvua ikikataa, Msambaa anakimbilia bondeni. Mwaka ule kila mtu alikimbilia bonde. Zaidi ya hapo, watu waliziba mitaro. Ile mitaro ya kutoa maji bondeni, waliijaza udongo na magogo ya migomba ili unyevu usitoroke. Mzee Hoza, aliyekuwa mkubwa wetu wa zamu za maji, alisimamia kazi hiyo mwenyewe na fimbo yake, akipita kila mtaro na kuukanyaga kwa mguu aone kama umeshika. Hata mimi nilibeba migomba.

Dada Zuhura alikuwa anakwenda penye intaneti kule mjini umeme ukiwepo, anarudi na karatasi za rangi. Siku hiyo nilimkuta amezitandaza sakafuni sebuleni, amepiga magoti katikati yake. Akanionyesha: upande wa mbali, kule kisiwa cha Sumatra, bahari ni ya buluu, upande wetu inaanza kuwa nyekundu. "Upepo umegeuka huko katikati," akasema. "Unavuma kuja kwetu, na haujawahi kuwa na haraka hivi." Nikamwambia sioni kitu, naona rangi tu. Basi akaniambia nilete ungo na birika. Tukaingia bafuni. Lile hodhi alikuwa amelijaza maji ya baridi tangu asubuhi yalipotoka bombani, na wakati ule kujaza maji yale ili yachezewe ilikuwa jambo la kumfanya mtu atengwe na majirani. Akapondaponda kipande cha bitiruti kwenye maji yanayochemka, yakawa mekundu, akayamimina taratibu juu ya kisosi kinachoelea, yakatanda juu kama samli. Chini meupe, juu mekundu. "Simama penye bomba," akaniambia. "Pepea."

Nikapepea kwa ungo kama mtu anayepeta mahindi ya ukoo mzima. Wekundu ukaanza kuhama. Ulisogea, ukasogea, ukarundikana mwisho wa pili wa hodhi, na mbele ya miguu yangu maji meupe yakapanda yenyewe kutoka chini. "Usiache! Ingiza mkono hapo ulipo." Nikaingiza: baridi ya kuuma. "Hapo ni Sumatra. Huku mwisho ni sisi." Akaingiza wake upande wa pili, akautoa, akaniwekea shavuni bila kufikiri, na ulikuwa wa moto. "Maji ya moto yakijaa mlangoni kwetu yanafuka, mvuke unapanda, upepo unauleta bara. Milima ya kwanza kukutana nayo ni ipi?" Nikasema ya Amani na Bulwa. "Halafu?" Nikasema, halafu sisi. Tukabaki tunatazama hodhi. Upepo wangu ulipokoma, wekundu ukaanza kurudi polepole. "Vuli haitakosa," akasema. "Vuli itakuja na itazidi. Athumani, usiweke mbegu bondeni." Maji yale tulimwagilia bustani ya vitunguu, ndoo kwa ndoo, hata tone hatukulipoteza.

Sasa hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema. Siku tatu baadaye nilipeleka kabichi kwa mlango wa jikoni. Nilikuta Bwana Kombo amerudi kutoka msituni, wanaongea sebuleni, mlango uko wazi kidogo. Sikukusudia kusikiliza, lakini niliposikia jina langu miguu iligoma kuondoka.

"Kijana wa watu ana magunia kumi na mawili tu duniani," alikuwa anasema Bwana Kombo. "Umwambie apande mlimani kwa karatasi zako? Na zikikosa?"

"Nimemwambia ninachokiona."

"Una uhakika, Zuhura?"

Hakujibu. Nilisikia kuni zikipasuka kwenye meko, lakini jibu sikulisikia. Niliweka kabichi chini taratibu, nikaondoka kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Na ni wiki hiyohiyo dada aliponituma sokoni nimletee mapipa mawili ya plastiki, yale makubwa ya buluu. Niliyasukuma kwa mkokoteni mpaka juu. Nikamuuliza ya nini. "Ya mkaa," akasema, akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Niliona mkaa wa mapipa mawili ni mwingi kwa watu wawili, lakini watumishi wa serikali wana mambo yao.

Nilipanda mlimani. Kabla ya kupanda nilichimba matuta ya kukinga maji, marefu, ya kupasua mteremko, nikapandikiza majani ya tembo kwenye kingo, maana aliniambia ikija itakuja na nguvu. Kwetu kuchimba matuta kuna historia yake. Wazee walisimuliwa na baba zao jinsi mkoloni alivyowalazimisha kuyachimba, na kuna familia mpaka leo zikiona tuta zinaona kiboko. Mzee Hoza alipanda kunitazama, akasimama na fimbo yake juu ya tuta langu, chini vumbi tupu.

"Onga mshi, mgoshi," akanisalimia kwa Kisambaa.

"Onga mshi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nani kakulazimisha?"

"Hakuna, mzee. Mvua inakuja."

"Nani kasema?"

"Bahari."

Akageukia watu aliokuja nao. "Bahari! Mgoshi, wewe Tanga umefika mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na zote mbili ulikuwa juu ya magunia ya kabichi, umelala." Watu wakavunjika mbavu. "Sisi tunapanda kwa udongo, huyu anapanda kwa samaki. Haya, viazi vyako vikiota mapezi utuite tuje tuvue!" Walishuka wakicheka, na kicheko kile kilikuwa kinarudi kutoka ng'ambo ya bonde kana kwamba hata ng'ambo wanacheka. Mimi sikuwajibu. Kila mtu anajua sikuwajibu, na wanasema ni kwa sababu Pua alikuwa anajua. Ukweli ni kwamba usiku nilikuwa sipati usingizi, nasikia swali la Bwana Kombo na ule ukimya uliolifuata. Kwa hiyo nilipanda magunia tisa juu. Matatu niliyashusha bondeni, peke yangu, jua halijachomoza, nikayapanda kwenye kile kipande nilichokodi, nikawaambia watu kipande hicho nimemwachia mtu wa Mlalo. Hakukuwa na mtu wa Mlalo.

Mvua ilianza kama inavyoanza siku zote, manyunyu na ukungu, na watu wa bondeni wakashukuru. Wiki ya pili haikunyunyiza tena. Ilishuka. Ilinyesha mchana, ikalala inanyesha, ikaamka inanyesha, mpaka sauti yake juu ya bati tukaacha kuisikia, tukawa tunaongea kwa kupaza sauti bila kujua. Mto ulipanda. Mitaro ilikuwa imezibwa, na migomba tuliyoikanyaga kwa bidii ilishika kweli. Maji hayakuwa na pa kutokea. Bonde lote likawa ziwa la rangi ya chai ya maziwa. Nilisimama juu ya tuta langu na mzigo wa dawa ya ukungu mgongoni, maana mvua ile ilileta na ukungu wa kuozesha majani, nikapiga dawa kila mawingu yalipopumzika, mpaka mgongo ukababuka. Matuta yalishika. Maporomoko yalikata barabara ya Mombo, mji ukakaa siku kadhaa bila gari kupanda wala kushuka. Kule bondeni maji yalipopungua tulisikia harufu kabla hatujaona. Viazi vilikuwa vimegeuka uji ndani ya udongo. Mzee Hoza alikuwa anatembea ndani ya tope bila fimbo, anaingiza mkono, anatoa, ananusa, anautikisa. Na mimi nilikuwa nimesimama mita chache kutoka kwenye magunia yangu matatu, yananuka kama ya wenzangu, nikiwapa watu pole kama mtu asiyehusika.

Nilivuna. Barabara ilipofunguliwa, viazi vilivyokuwepo Malindi vilikuwa vyangu, na lori la kwanza kushuka lilishuka na mzigo wangu. Mengine yote mliyoyaona yalizaliwa na lori lile. Lakini mbegu nilibakiza. Mzee Hoza alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye kigoda, akanywa uji wote bila kusema alichofuata, na mimi sikumwacha afike mpaka kulisema. Nilimpa mbegu, nikawapa na wale waliocheka, kila mmoja kwa kapu. Siku hiyo ndipo Mzee Hoza alipoigusa pua yangu kwa kidole mbele ya watu na kusema, "Hii ndiyo iliyonusa." Ningeweza kusema palepale kwamba ni mama mmoja wa Pangani, na ungo, na bitiruti. Nilifungua mdomo. Kisha nikaona watu wanavyonitazama, mimi wa darasa la tano, nikaufunga. Mwaka uliofuata Bwana Kombo alihamishwa, maboksi yakapakiwa, tukaagana kwa haraka mvua ikinyesha, na sikumwambia dada asante inayotosha.

Hayo yote yalikuwa kifuani mwangu pale ghalani, yeye amekaa kwenye kiti changu, amestaafu kufundisha, Bwana Kombo ametangulia mbele ya haki, amepanda milima ili aione ile nyumba mara moja tena. Aliniambia hodhi bado lipo. Tukanywa chai. Mpakiaji mmoja, kijana wa mdomo, akamwambia, "Mama, huyu mzee wetu ana pua! Mwaka ule bonde zima liliangamia, yeye peke yake alipanda juu, magunia yote!" Dada Zuhura akanigeukia juu ya miwani. "Yote?" akauliza. Nikawaambia vijana watoke wakapange magunia nje.

"Tisa," nikamwambia. "Matatu niliyapanda bondeni. Nilikusikia siku ile, nikiwa mlango wa jikoni. Bwana Kombo alikuuliza kama una uhakika, ukanyamaza. Nikaogopa, dada. Hakuna anayejua mpaka leo."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka amevua miwani. "Athumani," akasema, "yale mapipa mawili uliyoniletea kwa mkokoteni."

"Ya mkaa."

"Ya maji! Nilinunua mapipa ya kuwekea akiba ya maji, wiki ileile niliyokuambia mvua inazidi. Nilishindwa kukutazama usoni. Sikuwa na uhakika, mdogo wangu. Nilikuwa na karatasi, na hodhi, na hofu. Kila usiku nilikuwa naziona mbegu zako zinakauka mlimani kwa ajili yangu. Mvua ilipoanza nilitoka nje nikasimama ndani yake na soksi zangu."

Nimekutana na watu wengi wenye elimu, na wengi wamenipa ushauri huku wakitazama saa. Huyu alikuwa na hofu kama yangu, akanipa hata hivyo kile alichokiona, akakosa usingizi juu ya viazi vya mtu asiye ndugu yake. Nilimwambia asante. Nilimwambia kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kisambaa, na bado nilihisi imepungua. Basi alipoinuka kuondoka nilitoka mbele yake, nikachagua viazi mwenyewe, vikubwa, visivyo na doa, nikajaza magunia matatu, nikaamuru yapakiwe kwenye lile gari lake dogo, mawili nyuma na moja kiti cha pembeni, mpaka matairi yakakaa chini.

"Nitakula na nani haya yote?" akalalamika.

"Sijui, dada. Ni yale matatu."

Alinielewa. Aliwasha gari, akashuka nalo polepole kuelekea Mombo, limeinua pua juu kwa uzito. Wapakiaji walikuwa wamesimama mlangoni, na yule wa mdomo akauliza, "Mzee, matatu yapi?" Nikawaambia waache kazi, waingie ndani, wakae.